Wanajua jiwe limetoka wapi; na sisi tujue linaenda wapi

Kila mfuko wa kasiterite unaofuata njia ya halali kutoka Walikale unafungwa étiquette ya plastiki yenye namba. Kwa namba ile, mnunuzi aliye mbali, Asia ao Ulaya, anaweza kuuliza: jiwe hili limetoka shimo gani, siku gani, kilo ngapi, limepita mikononi mwa nani? Ni jambo zuri, sikatai. Lakini habari ile inakwenda upande mmoja tu. Hakuna étiquette inayorudi Bisie, Rubaya ao Nyabibwe kumwambia mchimbaji: jiwe lako limefika huku, limefanya kazi hii.

Mtoto akiuliza, "Papa, ile majiwe munachimbaka banafanyaka nayo nini?", jibu tunalijua wote: "Banatengenezaka masimu." Mazungumzo yanaishia pale. Jibu lile si la uongo, lakini ni fupi mno, na ufupi wake unatugharimu. Leo ninataka tulirefushe kidogo. Nitaeleza kazi moja tu ya bati, ile metali inayotoka katika kasiterite na ambayo Wafaransa wanaita étain: kazi ya kuandika kwa nuru juu ya polima. Kisha nitasema ninaona tudai nini.

Tuanze na kitu tunachokiona hapa Goma. Muangalie vijana wa sérigraphie, wale wanaochapa T-shirt za kwaya, za matanga na za kampeni. Wanachukua fremu yenye kitambaa chembamba, wanaipakaa émulsion, dawa nzito kama mtindi, na wanaikausha gizani. Juu yake wanaweka karatasi angavu yenye maandishi meusi, kisha wanaipeleka juani ao chini ya taa kali. Pale nuru ilipogusa, dawa inakuwa ngumu. Pale weusi ulipozuia nuru, dawa inabaki laini. Wakiosha na maji, yale malaini yanaondoka na maandishi yanabaki kama matundu. Rangi inapita mu matundu, na T-shirt imepata jina la kwaya.

Dawa ile ni polima, yaani kitu chenye molekuli zilizofungana kama minyororo mirefu; ni wa ukoo mmoja na plastiki. Nuru inaingia na kuifunga minyororo pamoja. Kuna polima za namna hii nyingi mu mji wetu, ila hatuziite kwa jina lile. Gundi ambayo fundi wa simu anaweka chini ya kioo kipya, kisha anaimulika na taa ya zambarau mpaka ishike, ni hiyo. Dawa nyeupe ambayo daktari wa meno anaziba nayo jino, kisha anaipiga mwanga wa buluu mpaka iwe ngumu kama jiwe, nayo ni hiyo.

Sasa, puce inayofanya kazi ya ubongo ndani ya simu (si ile ya Vodacom ao Airtel tunayonunua barabarani, ijapokuwa nayo ni mdogo wake) inatengenezwa kwa njia ileile ya kijana wa sérigraphie. Wanachukua bamba la silisiamu linalong'aa kama kioo, wanalipakaa polima, wanalipiga nuru yenye mchoro, wanaliosha. Pale polima ilipoondoka, wanachimba ndani ya bamba. Pale ilipobaki, inakinga. Wanarudilia hivyo mara nyingi, mchoro juu ya mchoro. Tofauti ni udogo. Unywele wa mtu una unene wa kama nanomita 80,000. Mistari ya puce za leo inapimwa kwa makumi ya nanomita.

Hapo ndipo ugumu unapoingia. Huwezi kuandika jina lako juu ya punje ya mchele kwa kidole, unahitaji sindano. Nuru nayo ina unene wake, mawimbi yake, na nuru ya kawaida ni kidole kinene. Kwa mistari midogo kabisa inatakiwa nuru ambayo jicho haliioni, yenye wimbi la nanomita 13.5. Taa ya kawaida haiwezi kuitoa. Hewa yenyewe inaimeza, kwa hiyo ndani ya mashine hewa yote inaondolewa.

Na nuru ile inatoka wapi? Inatoka katika bati. Kampuni moja ya Uholanzi, ASML, kule Veldhoven, ndiyo peke yake inayouza mashine za namna hii. Ndani ya mashine, bati lililoyeyuka linadondoshwa kwa matone madogo kuliko unene wa unywele, matone 50,000 kwa sekunde moja. Leza inalipiga kila tone mara mbili: mara ya kwanza inalipanua kama chapati, mara ya pili inaligeuza moto mtupu, wenye joto la nyuzi zaidi ya 200,000. Lava iliyoteremka kutoka Nyiragongo mwaka 2002 na ikapita katikati ya mji wetu ilikuwa na joto la nyuzi kama elfu moja. Basi, zidisha mara mia mbili. Katika moto ule ndipo nuru ya nanomita 13.5 inazaliwa. Vioo vya kampuni Zeiss ya Ujerumani vinaikusanya na kuipeleka juu ya polima.

Na ule weusi wa kwenye karatasi ya sérigraphie, unaozuia nuru? Katika mashine ile, mchoro wa kuzuia unafanywa kwa tabaka jembamba lenye tantali. Tantali ndiyo metali tunayoitafuta mu koltani. Kuna hata dawa mpya za kupakaa juu ya bamba, ambazo bati limo ndani yake, ili zishike nuru vizuri zaidi. Kampuni Inpria ya Oregon, Marekani, ilijulikana kwa kazi hiyo. Kwa hiyo bati linatoa nuru, tantali inakata mchoro, na pengine bati tena linaupokea.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mfaransa Nicéphore Niépce, yapata miaka 200 iliyopita, alipakaa lami ya aina fulani juu ya bamba, akaliacha mbele ya dirisha. Nuru ikaigandisha lami palipokuwa na mwangaza. Palipokuwa na kivuli akaiosha kwa mafuta. Picha ile ni ya kwanza kati ya zile zilizobaki duniani. Bamba lenyewe lilikuwa la étain. Na kazi inaendelea: mwaka 1995 watafiti wa Kanada na wa Marekani walionyesha kwamba kuna polima ambazo hazihitaji hata kuoshwa. Leza ikizigusa, uso wake unajisukuma wenyewe na kufanya mikunjo midogo, iliyojipanga kama mabati ya nyumba. Mikunjo ya namna hiyo ndiyo inayocheza na nuru na kutoa rangi zinazogeuka, kama zile za alama za usalama juu ya noti za euro.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu tutaanza kudanganyana. Tone moja lenye upana wa mikrometa 30 lina uzito mdogo mno. Matone 50,000 kwa sekunde, mashine ikifanya kazi usiku na mchana, hayafiki nusu kilo ya bati kwa siku. Uchukue mfuko mmoja wa kasiterite wa kilo 50, wenye teneur ya asilimia 65. Ndani mna bati kilo 32 na nusu. Mfuko ule mmoja unatosha kulisha mashine moja kwa zaidi ya siku 70. Mashine yenyewe inauzwa kwa zaidi ya dola milioni 150.

Wale waliobeba kule Bisie miaka ya mwanzo wanajua mfuko ule unavyolemea: kilo 50 mgongoni, mwendo wa siku mbili mu msitu, matope mpaka magotini, barrière juu ya barrière. Sisemi kwamba jiwe la mtu fulani wa Walikale limefika Veldhoven. Bati likiisha kuyeyushwa linachanganyika, halina tena kabila wala kijiji. Lakini mgodi wa Bisie peke yake, ule wa kampuni Alphamin, unatoa karibu asilimia 6 ya bati la dunia nzima. Na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba Rubaya inatoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia. Kusema kwamba hatumo ndani ya mambo haya ni kujidharau.

Hapa kuna wandugu watakaonikatiza. Wa kwanza atasema: "Sawa, bwana, lakini ile nuru itaniongezea franka ngapi?" Nimjibu bila kuzunguka: hata moja. Nusu kilo kwa siku haiwezi kupandisha bei. Karibu nusu ya bati la dunia inakwenda katika soudure, ule waya unaoyeyuka ambao fundi wa radio anaujua. Bei inapangwa kwenye soko la metali la London. Mtu akija kwenye carré akasema, "Nilete pesa ya leza, jiwe lenu ni la pekee," mumuogope. Bati ni bati.

Wa pili atasema kwamba tuko mu vita, na mtu mwenye njaa hafundishwi mambo ya mawimbi. Huyu ninamheshimu zaidi, maana anasema yale tunayoishi. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024, Goma Januari 2025. Mu mashimo watu wanafunikwa na udongo, na familia zinazika bila kulipwa kitu. Lakini angalieni jambo moja. Machi 2025, vita ilipokaribia Bisie, mgodi ulifungwa kwa muda. Bei ya bati kule London ikapanda. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Walikale walijua mara moja maana ya mgodi ule kufungwa, kwa sababu wanajua bati linafanya nini na nani atalikosa. Mchimbaji aliyekaa nyumbani na jiwe lake chini ya kitanda hakujua. Ujuzi ule ni pesa, na ulikuwa upande mmoja tu.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 2010 Marekani ilitunga ile sheria tuliyoiita "loi Obama". Waliweza kuitunga kwa sababu walifuata jiwe kutoka kiwandani mpaka shimoni. Watunga sheria wale walikuwa na nia yao, lakini huku familia nyingi zilikosa wanunuzi, watoto wakatolewa shule. Tulihukumiwa katika kesi ambayo hatukujua hata inahusu kitu gani. Kama tungekuwa na watu wetu wanaoelewa bati na tantali vinaingia wapi, na nani hawezi kuviacha, tungeingia mu mazungumzo yale kama wauzaji. Tuliingia kama washitakiwa.

Wa tatu ni mwanasiasa. Huyu akisikia habari ya puce, kesho atasimama kwenye mkutano na kuahidi kiwanda cha puce Goma. Tusimpigie makofi. Mashine ile inatengenezwa kwa vipande vya makampuni mengi ya nchi nyingi. Hata mataifa makubwa hayajaweza kuiiga. Yeye atuambie kwanza habari ya kuyeyusha bati tu. Congo iliwahi kuyeyusha bati lake: Manono, kule Katanga, wakati wa ukoloni, kwa umeme wa maporomoko ya Piana-Mwanga. Leo kasiterite yetu ya Kivu inatoka ikiwa bado mchanga mzito. Kwa kuyeyusha bati hakuhitajiki leza wala vioo vya Ujerumani. Kunahitajika tanuri, makaa, umeme usiokatika, barabara na amani. Anayeahidi puce kabla ya umeme anatuimbia tu.

Basi tudai nini? Mimi ninaona mambo matatu.

La kwanza ni kipimo. Leo négociant anachukua jiwe, anatoa ile mashine ya mkononi inayofanana na bastola, anaielekeza, anasoma yeye mwenyewe, anasema: "Ni 58." Wewe unajua nini? Mashine ile nayo ni kazi ya nuru: inapiga jiwe kwa miale, na kila metali inajibu kwa miale yake yenyewe, kama mtu anayeitika jina. Lakini inaona uso wa jiwe tu, haifiki ndani. Jiwe likiwa na maji, ao halikusagwa, ao lilichukuliwa pembe moja ya mfuko, jibu linapotoka. Tofauti ya pointi 5 katika mfuko wa kilo 50 ni kilo 2 na nusu za bati zilizopotea. Watu wa carré moja wakitoa mifuko 20, ni kilo 50 za bati. Coopérative idai hivi: jiwe likaushwe, lisagwe, lichanganywe, lisomwe mara tatu, kioo cha mashine kimuelekee muuzaji, namba iandikwe kwenye karatasi yenye sahihi mbili. Kwa jambo hili hatungoji Kinshasa. Coopérative kubwa zinaweza kuchanga na kununua mashine yao, na watu wa SAEMAPE na wa CEEC washuke mpaka kwenye mashimo, wasingoje jiwe kwenye comptoir.

La pili ni shule. Watoto wa Walikale na Masisi wanajifunza nuru kwa kuandika ubaoni na kukariri. Wakati huo fremu ya sérigraphie inapatikana kwa pesa kidogo, na jua ni la bure. Mwalimu akiwa na fremu moja, atawafundisha mu saa moja kile kinachofanyika Veldhoven. Na kwa kasiterite yenyewe, ndoo inatosha. Kasiterite safi ni nzito kama mara 7 kuliko maji; jiwe jeupe la kawaida halifiki mara 3. Ukitumbukiza kilo 7 za kasiterite safi na kavu katika ndoo iliyojaa, inamwagika kama litre moja ya maji. Ikimwagika litre mbili, jua kuna mawe ya bure ndani. Hiki si kipimo cha kuuzia, maana hata jiwe la chuma ni zito na linaweza kukudanganya. Lakini mtoto aliyefanya hesabu ile mara moja hatadanganywa kirahisi kama baba yake. Bamama wanaosafisha na kuchagua mawe nao wanaweza kuifanya. Wengi wao tayari wanajua uzito kwa kiganja, kilichobaki ni kuuandika.

La tatu ni ule mgawo. Code minier ya mwaka 2018 inasema kwamba redevance ya makampuni inagawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 entités za mahali pale mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mule ndani, sehemu mbili zinatuhusu moja kwa moja. Zile 15 zinapaswa kuonekana Walikale kwa macho: darasa lenye vifaa, laboratoire ndogo, taa. Zile 10 za vizazi vijavyo, kama hazifiki kwa kijana wa Walikale anayetaka kusoma kemia ao fizikia katika Université ya Goma, basi ni vizazi vya nani? Sheria iliandika namba. Ni haki yetu kuuliza namba zimekwenda wapi, kwa heshima, kila mwaka, na karatasi mkononi.

Kuna watakaoona kwamba haya ni madogo mbele ya vita na mbele ya bilioni za watu wengine. Ni madogo, kweli. Lakini yanaweza kuanza bila mtu yeyote kuturuhusu. PDG wa shimo anaweza kuanza na kukausha jiwe kabla ya kupima. Mwalimu anaweza kuanza na ndoo. Mzazi anaweza kuanza na jibu refu zaidi kuliko "masimu".

Na siku nyingine négociant akifika, akasoma namba, akaificha mashine mfukoni haraka, mumwambie kwa utulivu: "Ndugu yetu, geuza kioo, na sisi tusome."